Kuchoma ISO na kutengeneza CD inayobuti bila kuharibu diski ovyo

Kompyuta ikigoma kuwaka katika ukoo wetu, simu inanijia mimi, na kabla sijatoka nachukua pochi yangu ya CD. Ndiyo, CD. Najua kazi nyingi za namna hii siku hizi zinafanywa kwa flashi, na flashi ninazo. Lakini zipo mashine za umri mkubwa ambazo BIOS zake (programu ya kwanza kuamka kompyuta ikiwashwa) hazijui kubuti, yaani kuanzisha mfumo, kutoka USB, au zinakubali leo na kukataa kesho, na mara nyingi ndizo zenye draivu ya CD iliyo nzima. Halafu kuna sababu nyingine ninayoithamini zaidi: CD-R (CD ya kuandikwa mara moja tu) ikishachomwa na kufungwa, kirusi hakina pa kujiandika. Naiingiza kwenye kompyuta iliyojaa virusi, nafanya kazi yangu, naitoa ikiwa vilevile. Flashi ya kawaida haina ulinzi huo.

Jambo ninalolisisitiza kwa kila anayetaka kujifunza kazi hii ni kujaribu kila hatua peke yake kabla ya kwenda inayofuata. CD isipobuti, kosa linaweza kuwa kwenye faili ulilopakua, kwenye uchomaji, kwenye diski yenyewe, kwenye draivu inayosoma, au kwenye mipangilio ya kompyuta. Usipohakiki njiani, mwishoni unabaki kutafuta mchawi miongoni mwa watano, na dawa unayoijua ni kuchoma CD nyingine, kisha nyingine.

Kilichomo ndani ya faili la ISO

Faili la ISO ni diski nzima iliyolazwa ndani ya faili moja, sekta kwa sekta, kila sekta baiti 2048. Humo hamna mafaili peke yake. Kuna mpangilio wake, majina yake, na sehemu ambazo huzioni hata ukifungua diski kwenye kompyuta, na sehemu inayofanya CD ibuti ni mojawapo ya hizo zisizoonekana. Ndiyo maana mtu akichukua CD ya Windows, akanakili mafaili yote kwenye folda, kisha akaichoma folda hiyo kama data, anapata CD yenye kila kitu isipokuwa uwezo wa kubuti.

Sehemu hiyo ina mahali maalumu. Kwa kanuni ya ISO 9660, ambayo ni ya mwaka 1988, sekta 16 za mwanzo, yaani namba 0 hadi 15, zimeachwa wazi kwa matumizi ya mfumo. Sekta ya 16 ndiyo inayotambulisha diski: jina lake, ukubwa wake, orodha ya mafaili inaanzia wapi. Kisha mwaka 1995 kampuni za Phoenix na IBM zikatoa kanuni inayoitwa El Torito, iliyosema kwamba sekta ya 17 ibebe tangazo la kubuti. BIOS ikiiwasha CD inakwenda moja kwa moja sekta ya 17, inasoma anwani ya katalogi ya kubuti, inaifuata katalogi, inapakia programu ndogo iliyotajwa humo, na kuikabidhi kompyuta. Isipokuta tangazo hilo, kwake hiyo ni CD ya kawaida na inaipita.

Uzuri wake ni kwamba unaweza kuliona kwa macho yako. Kwenye Linux andika:

dd if=faili.iso bs=2048 skip=17 count=1 status=none | strings

Kama faili linabuti kwa njia ya CD, utaona mistari miwili: CD001, na chini yake EL TORITO SPECIFICATION. Kama hakuna mstari wa pili, usipoteze diski; faili hilo halitabuti hata ulichome kwa draivu ya dhahabu. Wa Windows anaweza kulifungua faili la ISO kwa 7-Zip na kutafuta folda inayoitwa [BOOT]. Ikiwepo, tangazo lipo.

Jaribio hili huchukua dakika isiyotimia, na naliona kama sehemu ya kazi. Mafaili mengi ya ISO yanayozagaa ni ya data tupu, na jina la faili halisemi ukweli siku zote.

Makosa ya diski yanayoletwa kwangu

CD nyingi ninazoletewa kwa malalamiko kwamba "haibuti" zina ugonjwa mmoja. Nikiifungua kwenye kompyuta nakuta faili moja tu ndani yake, na jina lake linaishia na .iso. Mwenyewe amelikokota faili akaliweka kwenye CD kama anavyoweka picha au nyimbo. Kufanya hivyo ni kama kuweka ramani ya nyumba kiwanjani ukategemea kulala humo usiku. CD iliyochomwa vizuri ukiifungua unaona folda na mafaili kadhaa, na faili la .iso lenyewe halionekani popote.

Kuna udanganyifu mwingine uliokuja na Windows 8. Ukibofya faili la ISO mara mbili, Windows inalifungua kama draivu mpya, na herufi yake inatokea kwenye orodha pamoja na alama ya diski. Watu wanaiona alama hiyo na kuamini kazi imekwisha. Hakuna kilichochomwa hapo. Ni faili limefunguliwa tu, na ukizima kompyuta draivu hiyo inatoweka.

Kuchagua diski

CD-R ya dakika 80 ina sekta 360,000. Zidisha kwa 2048 unapata baiti 737,280,000, ambazo Windows inazionyesha kama MB 703. Hiyo ndiyo nafasi halisi nyuma ya maandishi "700 MB". Za dakika 74 ni MB 650. DVD ya tabaka moja inaandikwa GB 4.7, lakini hizo ni bilioni za baiti. Kwenye Windows utaona kama GB 4.38, kwa hiyo faili linaloonyeshwa kuwa GB 4.5 halitaingia. Ya tabaka mbili ni GB 8.5 kwa hesabu ileile ya kiwandani. Matoleo mapya ya Windows 11 na Ubuntu yameshavuka DVD ya tabaka moja. Kwa hayo nashauri flashi bila kubishana. Lakini zana ndogo za uokozi kama Memtest86+, Clonezilla na GParted Live, na mfumo mdogo wa Tiny Core, zote unaweza kuziweka kwenye diski bila tabu. Damn Small Linux iliyofufuliwa mwaka 2024 imejiwekea mpaka wa MB 700 makusudi, iingie kwenye CD.

CD-RW, zile zinazofutika na kuandikwa tena, nazitumia kwa majaribio tu. Zinarudisha mwanga kidogo sana kuliko CD-R, na draivu za zamani kabisa hazizisomi. Kwa kuwa kompyuta tunayoiokoa mara nyingi ndiyo hiyo ya zamani, diski ya kwenda nayo kazini iwe CD-R. Zaidi ya hapo, kama kompyuta inayoletwa kwako ina draivu ya CD tupu isiyosoma DVD, usiweke kifaa cha uokozi kwenye DVD eti kwa sababu una DVD nyingi kabatini.

Hakiki faili kabla ya kuwasha leza

Kurasa za kupakulia huandika karibu na faili mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu unaoitwa SHA256. Hiyo ni hashi ya faili, kama alama ya kidole inayokokotolewa kutoka baiti zake zote. Baiti moja ikibadilika njiani, hashi yote inabadilika. Kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike:

certutil -hashfile C:\iso\faili.iso SHA256

Kwenye Linux ni sha256sum faili.iso, na kwenye Mac ni shasum -a 256 faili.iso. Linganisha na ile ya kwenye ukurasa. Mimi hutazama herufi sita za mwanzo na sita za mwisho. Kama faili limeharibika kwa bahati mbaya zitatofautiana mara moja. Anayehofia faili lililochezewa makusudi alinganishe hashi nzima.

Mtandao ukikatikakatika wakati wa kupakua, hapa ndipo utajua. Zisipolingana, pakua upya. Usijaribu kuichoma "tuone itakuwaje", kwa sababu CD ya namna hiyo inaweza kubuti vizuri kabisa kisha ikakwama katikati ya kuweka mfumo, wakati diski kuu imeshafutwa.

Kuchoma

Kabla ya yote, chomeka chaja kama ni laptopu, na zuia kompyuta isilale. Draivu ya nje ya USB ichomekwe kwenye tundu la kompyuta moja kwa moja. Tundu la USB 2.0 linatoa milliampea 500 tu, na leza ya kuchomea inakula umeme kuliko ya kusomea. Ndiyo maana baadhi ya draivu hizo zina waya wenye vichwa viwili. Draivu inayosoma vizuri lakini inakatisha uchomaji katikati, mshuku umeme kwanza.

Kwenye Windows 7 na kuendelea hakuna haja ya programu ya ziada. Bofya faili la ISO kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Burn disc image". Kwenye Windows 11 itakubidi upitie "Show more options". Chagua draivu, weka tiki kwenye "Verify disc after burning", kisha "Burn". Kama maneno hayo hayaonekani, kuna programu nyingine imejimilikisha mafaili ya .iso. Nenda "Open with" uchague "Windows Disc Image Burner".

Ninachokikosa kwenye kifaa hicho cha Windows ni uwezo wa kuchagua kasi. Kwa hiyo natumia ImgBurn, ambayo toleo lake la mwisho, 2.5.8.0, ni la mwaka 2013 na bado inafanya kazi yake. Angalizo: kifurushi chake cha kusakinisha kilisambazwa kikiwa kimebeba programu za matangazo, kwa hiyo soma kila dirisha kabla ya kubofya "Next". Ndani yake chagua "Write image file to disc", elekeza kwenye faili, weka kasi, acha tiki ya "Verify", na ubofye mchoro mkubwa wa kuandikia.

Kwenye Mac, Disk Utility iliacha kuchoma diski kuanzia OS X 10.11, lakini Finder inaweza: chagua faili, kisha kwenye menyu ya "File" utakuta "Burn Disk Image". Ninayoipenda zaidi ni ya terminali, hdiutil burn faili.iso, maana inahakiki yenyewe ikimaliza.

Wa Linux mwenye kupenda madirisha ana Brasero na K3b. Mimi hutumia amri:

xorriso -as cdrecord -v dev=/dev/sr0 speed=16 -dao faili.iso

/dev/sr0 ndiyo draivu ya CD, na hiyo -dao inaagiza diski iandikwe kwa mkupuo mmoja bila leza kuzimwa katikati, kisha ifungwe. Kwa CD ya kubuti ndiyo njia safi, na inaondoa kasoro ya sekta za mwishoni zisizosomeka ambayo njia ya kuandika kipande kwa kipande (track-at-once) huiacha.

Kuhusu kasi, kuna imani kwamba polepole kabisa ndiyo bora. Sikubaliani nayo. Diski za kasi ya 52x zimetengenezwa kwa rangi inayotarajia leza kupita haraka, na nyingi hazifurahii 4x, hata kama draivu itakubali. Kasi ya 1x ya CD ni KB 150 kwa sekunde. Kwa 16x ni KB 2,400, na CD iliyojaa inamalizika kwa dakika tano hivi. Kwa CD nakaa kati ya 16x na 24x, kwa DVD nachagua 8x. Ukichagua 48x huokoi muda mwingi, maana kasi hiyo inafikiwa ukingoni mwa diski tu. Kwa draivu za kabla ya mwaka 2000 shuka zaidi, kwa kuwa hazina kinga ya kukaukiwa na data katikati ya kuchoma. Data ikichelewa kidogo tu, diski imekufa.

Uchomaji ukiendelea, iache kompyuta. Usifungue michezo, usianze kunakili mafaili makubwa.

Ikimaliza, geuza diski uitazame kwa pembeni kwenye mwanga. CD inaandikwa kuanzia katikati kwenda nje, na sehemu iliyochomwa ina rangi tofauti kidogo na iliyobaki. Faili la MB 50 linaacha mkanda mwembamba tu karibu na tundu. La MB 650 linafika karibu na ukingo. Ukichoma ISO kubwa ukaona mkanda mwembamba, kuna kitu kimekatika, hata kama programu imetoa ujumbe wa pongezi.

Kuhakiki diski yenyewe

Kama programu yako haikuhakiki, fanya mwenyewe. Kosa la kawaida ni kupiga hashi ya draivu nzima. Diski inaweza kuwa na sekta za kujazia mwishoni ambazo hazimo kwenye faili, kwa hiyo hashi itatofautiana na utaitupa CD nzima isiyo na kosa. Soma idadi kamili ya sekta za faili, basi. Ipate kwa kugawanya ukubwa wa faili kwa 2048:

stat -c %s faili.iso

Tuseme jibu ni 681574400. Ukigawanya kwa 2048 unapata 332800. Kisha:

dd if=/dev/sr0 bs=2048 count=332800 | sha256sum

Hashi ikilingana na ya ukurasa wa kupakulia, faili na uchomaji vyote vimetoka kwenye orodha ya washukiwa. Ukiweza, hakiki kwa draivu tofauti na iliyochoma. Draivu husoma kazi ya mikono yake kwa upendeleo. Nyingine itakueleza ukweli.

Kutengeneza ya kwako

Hapa ndipo kazi inaponoga. Nitatumia mfano wa CD ya kupima RAM kwa Memtest86+, kwa sababu ni ndogo na ina kila kiungo. ISO yake iliyo tayari ipo, lakini ukijua kuijenga hii utaweza kuongeza chochote juu yake. Maelezo haya ni ya Debian na ndugu zake, baada ya kusakinisha vifurushi vya isolinux (kipakizi, yaani programu inayoanzisha mfumo kutoka CD), syslinux-common na xorriso (inayojenga na kuchoma ISO).

mkdir -p cdyangu/isolinux cdyangu/boot
cp /usr/lib/ISOLINUX/isolinux.bin cdyangu/isolinux/
cp /usr/lib/syslinux/modules/bios/ldlinux.c32 cdyangu/isolinux/

Faili la kwanza ndilo BIOS itakalolipakia. La pili ni mwenzake wa lazima tangu toleo la 5 la ISOLINUX, ukilisahau, kompyuta itaanza kisha itakuandikia "Failed to load ldlinux.c32" na kusimama hapo.

Sasa nakili faili la Memtest86+ uliweke ndani ya cdyangu/boot, na hapa kuna mtego. Jina lake la asili linaishia na .bin. ISOLINUX ikiona .bin baada ya neno KERNEL, inadhani ni sekta ya kubutia ya CD nyingine na inaipakia kwa njia isiyo yake. Kwa hiyo lipe jina fupi lisilo na kiishio, memtest tu, na kwenye mipangilio tumia neno LINUX. Fungua faili jipya cdyangu/isolinux/isolinux.cfg uandike:

DEFAULT memtest
PROMPT 1
TIMEOUT 100
LABEL memtest
LINUX /boot/memtest

TIMEOUT inahesabiwa kwa sehemu ya kumi ya sekunde, kwa hiyo 100 ni sekunde kumi. Wengi huandika 10 wakidhani wametoa sekunde kumi, na menyu inawapita usoni.

Kisha jenga ISO:

xorriso -as mkisofs -o uokozi.iso -V "UOKOZI" -J -R -b isolinux/isolinux.bin -c isolinux/boot.cat -no-emul-boot -boot-load-size 4 -boot-info-table cdyangu/

Amri ni ndefu lakini kila kipande kina kazi. -b ni programu ya kubutia. -c ni mahali katalogi itakapoandikwa. Huhitaji kuwa nayo, xorriso inaitengeneza. -no-emul-boot inaiambia BIOS isiigize flopi, jambo ambalo CD za zamani zilifanya na ndilo lililozifunga kwenye MB 2.88. -boot-load-size 4 ni vipande vinne vya baiti 512, yaani sekta moja ya CD. Kuna BIOS zinazochanganyikiwa na namba nyingine. -boot-info-table inaandika ndani ya isolinux.bin taarifa za mahali ilipolazwa kwenye diski, na bila hiyo programu haijijui. Baadhi ya programu za familia ya mkisofs huandika taarifa hizo kwenye faili lako la asili kabisa, ndiyo sababu tulitumia nakala. -J na -R ni kwa ajili ya majina marefu ya mafaili, la kwanza kwa Windows, la pili kwa Linux. Njia za -b na -c zinaanzia ndani ya folda cdyangu. Usiandike cdyangu/ mbele yake.

Usichome bado. Ijaribu kwenye kompyuta ya kuigiza:

qemu-system-x86_64 -cdrom uokozi.iso -boot d -m 512

Dirisha likifunguka na Memtest ikaanza kuhesabu, ISO yako ni nzima. Ukikuta "No DEFAULT or UI configuration directive found!", faili la isolinux.cfg halipo mahali pake au jina limekosewa. Rekebisha, jenga tena, jaribu tena. Hapa kosa haligharimu diski. VirtualBox nayo inafaa kwa jaribio hili.

CD hiyo inabuti kwa BIOS ya zamani peke yake. Kwa mashine za UEFI, mrithi wa BIOS kwenye kompyuta mpya, diski inahitaji ingizo la pili ndani ya katalogi ya kubuti, linaloelekeza kwenye picha ndogo ya FAT yenye faili EFI/BOOT/BOOTX64.EFI ndani yake. Unaweza kuijenga kwa mkono, lakini mimi humwachia GRUB, kipakizi kingine:

grub-mkrescue -o uokozi2.iso folda/

Ukiwa na vifurushi vya grub-pc-bin, grub-efi-amd64-bin na mtools, inatoa ISO inayobuti pande zote mbili. Menyu unaiandika kwenye folda/boot/grub/grub.cfg.

Na kama unataka tu kuongeza folda yako, tuseme ya programu za kuendeshea kadi ya mtandao, kwenye ISO ya mtu mwingine bila kuharibu kubuti kwake, hakuna haja ya kuifumua:

xorriso -indev asili.iso -outdev mpya.iso -map ziada /ziada -boot_image any replay

Maneno matatu ya mwisho yanairudia mipangilio ya kubuti ya asili kama ilivyokuwa. Kwa ImgBurn kazi kama hii inafanyika kwenye "Advanced", kisha "Bootable Disc": weka tiki ya "Make Image Bootable", "Emulation Type" iwe "None (Custom)", "Load Segment" 07C0, na "Sectors To Load" 4.

Kuiwasha

Weka CD, zima kompyuta kabisa, iwashe huku ukigonga kitufe cha menyu ya kubuti. Dell na Lenovo nyingi ni F12, HP ni F9 au Esc kwanza, laptopu za Asus ni Esc, Mac za Intel shikilia Option au C. Napendelea menyu hiyo kuliko kubadilisha mpangilio ndani ya BIOS, maana ni ya safari hiyo moja tu na sihitaji kukumbuka kurudisha kitu. CD za Windows zitakuambia "Press any key to boot from CD" na kusubiri sekunde chache. Usipobonyeza zinaendelea kwenye diski kuu. Kwenye mashine ya zamani, kibodi ya USB inaweza kuwa haijaamka wakati huo. Tafuta "USB Legacy Support" ndani ya BIOS, au chomeka kibodi ya PS/2.

Kwenye mashine mpya zaidi, angalia draivu imetajwa vipi kwenye menyu. Ikiwa mara mbili, moja ikianza na "UEFI:", hizo ni njia mbili tofauti za kubuti diski ileile. CD yetu ya ISOLINUX itafuata ile isiyo na neno hilo. Ikiwa haionekani kabisa, huenda mashine hiyo haina tena njia ya BIOS, na CD ya zamani haitabuti hapo milele. Ikionekana lakini ikakataliwa kwa ujumbe wa usalama, ni Secure Boot, kinga ya UEFI inayokubali vipakizi vyenye saini inayoiamini tu: kipakizi chako hakina saini. Izime kwa muda, au tumia ISO ya mradi unaosaini vipakizi vyake.

Diski ikibuti kwenye kompyuta moja na kukataa kwenye nyingine, kwa kuwa umeshahakiki hashi, sahau faili. Safisha lenzi, jaribu CD-R ya aina nyingine, punguza kasi ya kuchoma hatua moja. Ujumbe wa "Disk error" kutoka ISOLINUX, kwenye diski uliyoihakiki, karibu kila mara ni draivu iliyochoka.

Alama kwenye diski andika kwa kalamu laini ya maji, kamwe si ya bolpeni. Kwenye CD tabaka la data liko chini ya varnishi ya upande wa maandishi, kwa hiyo mkwaruzo wa juu unaua haraka kuliko wa chini. DVD ina nafuu, data yake iko katikati ya plastiki mbili za milimita 0.6. Mimi naandika jina la programu, toleo lake, neno BIOS au UEFI au yote mawili, na herufi sita za mwanzo za hashi. Bila hizo, CD mbili za Clonezilla zikikutana kwenye pochi hutajua ipi ni ipi.